Miksa kubwa, oveni ndogo

Siku hizi mtu akitangaza tu kwamba anataka kuanza kuoka keki za kuuza, ushauri wa kwanza anaopewa ni kununua miksa ya mezani, ile nzito yenye bakuli lake la chuma na kichwa kinachoinuka. Wanaoutoa ushauri huo ni wengi: wenye maduka Kariakoo, wanaofundisha kozi fupi za keki, na wale wapishi wa mtandaoni ambao mashine yao nyekundu lazima ionekane nyuma yao hata siku wanayopika wali. Nadhani ushauri huo umekaa kinyumenyume kwa watu wengi. Miksa ya mezani ni mashine nzuri, na wapo ambao ningewaambia wakainunue kesho asubuhi. Ila kwa jiko la kawaida la nyumbani hela hiyo ina mahali pengine pa kwenda kwanza, na mahali hapo ni oveni.

Asili ya mashine hii inaeleza mengi. Mwaka 1908 mhandisi Mmarekani, Herbert Johnston, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya Hobart kule Ohio, alimwona mwoka mikate akihangaika na donge zito la unga kwa mwiko wa chuma. Akaona hapo pana kazi ya mota. Miaka michache baadaye Hobart walikuwa na mashine yenye bakuli la kama lita 75, na miongoni mwa wateja wake wa mwanzo lilikuwemo jeshi la majini la Marekani, lililozifunga kwenye manowari zake ili mabaharia wapate mkate. Ya nyumbani ilikuja 1919 kwa jina la KitchenAid. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 30 na bei ya dola 189.50, fedha ambayo familia ya kawaida wakati ule isingeitoa kwa ajili ya keki. Maduka yalisita kuipokea, ikabidi iuzwe na wanawake waliopita nyumba kwa nyumba wakiionyesha inavyofanya kazi. Sunbeam walitoa Mixmaster yao ya bei nafuu zaidi mwaka 1930, na Uingereza Kenneth Wood akatoa Kenwood Chef mwaka 1950, jina lisilo geni kwenye nyumba nyingi za kwetu.

Kwa hiyo mashine hii ilizaliwa na shida ya wingi. Mtu alikuwa na donge kubwa kuliko mikono yake. Toleo la nyumbani ni ile ile ya manowari iliyopunguzwa kimo, na hata leo inafanya kazi vizuri zaidi bakuli likiwa na kitu cha kutosha ndani. Jaribu kupiga ute wa mayai mawili kwenye bakuli la lita saba uone: waya unazunguka juu kwa juu, ute umelala chini hauguswi, na baada ya dakika kumi unaishia kuuhamishia kwenye kibakuli na kuumalizia kwa mkono.

Kazi ambazo miksa hufanya kweli ni mbili: kupiga, maana yake kuingiza hewa kwenye mayai, siagi au krimu, na kukanda. Mengine yote yanayotajwa kwenye boksi ni mapambo. Kila moja kati ya hizo mbili ina hukumu yake.

Kwa upande wa kupiga, mtihani mzuri kuliko yote ni mkate wa mayai, ule wetu wa Pwani wa kikombe kwa kikombe: mayai kikombe, sukari kikombe, unga wa ngano kikombe, hiliki ya kutosha. Hauna siagi, na kwa wanaoupika kwa njia ya zamani hauna hata beking poda. Kinachouinua ni hewa iliyoshikwa ndani ya mayai, basi. Ukikosea kupiga, unapata kitu cha kufungia mlango.

Mwanzo mayai na sukari huwa na rangi ya chungwa, na mapovu makubwa makubwa yanayopasuka yenyewe. Baadaye mapovu yanakuwa madogo, rangi inageuka manjano, halafu inazidi kupauka mpaka inakaribia maziwa. Ujazo unafika mara tatu ya ulivyoanza. Hapo ukiinua kipigio, kinachomiminika kinaacha mchirizi juu ya bakuli, na mchirizi ule unakaa kidogo kabla ya kuzama. Ukizama papo hapo, bado. Zamani kazi hii ilifanywa kwa zamu. Watoto wa nyumba waliitwa mmoja mmoja, anayechoka anampokeza mwenzake, na bibi ameketi pembeni ya jiko la mkaa anasema endelea, endelea, usiache. Mkono mmoja kwa kipigio cha waya unaweza kwenda nusu saa. Miksa inamaliza kwa dakika nane mpaka kumi, na ukiiweka mwendo wa kati badala ya kuikimbiza mpaka mwisho, mapovu yanakuwa madogo na yanayolingana, hivyo yanastahimili zaidi yakiingia kwenye moto.

Halafu unakuja unga, na hapa ndipo mashine inapotakiwa kuzimwa. Unga wa mkate wa mayai unachekechwa juu ya povu kidogo kidogo, unaingizwa kwa mwiko mpana unaopita chini na kupindua, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Ukiuacha kwenye miksa hata dakika moja, hewa yote uliyoitafuta inatoka, na hapo hapo ngano inaanza kujenga ule utando wake wa kunata unaofanya mkate uvutike. Asilimia kubwa ya keki ngumu zinazolaumiwa unga mbaya zilipata ugumu wake hapa, pale mwenye keki alipomwaga unga wote na kuacha mashine izunguke huku akijibu simu. Nusu ya kwanza ya kazi mashine imeibeba vizuri, lakini nusu ya pili, ile ambayo watu wengi wanaharibikia, imebaki mkononi kama zamani.

Na hiyo nusu ya kwanza, miksa ndogo ya mkono yenye vipigio viwili inaifanya vilevile. Utaishika wewe badala ya kusimama yenyewe, utachoka kidogo kwenye bega, lakini mayai yatafika pale pale. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya ile kubwa. Sijawahi kusikia hoja inayonishawishi kwamba mayai sita yanahitaji zaidi ya hiyo.

Keki ya siagi ina mambo yake. Watu wanaambiwa wasage siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, wachache wanaambiwa kwa nini. Beking poda haitengenezi vishimo vya keki kutoka hewani. Inatanua vile ambavyo tayari vimo, na vile vimo kwa sababu chembe za sukari zilikwaruza siagi na kuacha hewa ndani yake. Usagaji huo unafanikiwa siagi ikiwa laini lakini bado imeshikana, kwenye nyuzi kama 18 mpaka 20. Sasa jiko la Dar es Salaam mwezi wa pili lina nyuzi 30 na zaidi kabla hujawasha oveni. Mapishi ya Ulaya yanasema siagi iachwe nje ya friji saa nzima. Ukifanya hivyo hapa unarudi kukuta mafuta. Halafu mota nayo inaongeza joto la msuguano. Miksa kubwa iliyoachwa dakika kumi kwenye jiko la namna hiyo inayeyusha siagi na kutoa hewa yote iliyokwisha kuingia. Mwenye kusaga kwa mwiko angalau anahisi kitu kimeanza kulegea na anaacha. Kama una mashine, toa siagi kwenye friji dakika chache tu kabla, ikate vipande vidogo, na ikiwezekana bakuli nalo lipoe kwanza. Wengi wetu tunatumia majarini, ambayo inastahimili joto zaidi ya siagi ya ng'ombe na kusamehe mengi. Ladha ni mjadala mwingine, siuingii.

Tuje kwenye kukanda. Hapa ndipo wauzaji wanapopata nguvu, maana kukanda kunachosha kweli na kila mtu analijua hilo. Lakini tujiulize kukanda kunafanya nini. Unga wa ngano una protini mbili ambazo zikipata maji zinashikana na kufanya utando, na utando huo ndio unaozuia hewa ya hamira isitoroke. Kukanda kunaharakisha na kunyoosha utando. Hakuuanzishi. Maji na muda pekee vinatosha kuuanzisha, na ndiyo maana mtu anayepika chapati akichanganya unga, akaufunika nusu saa, akirudi anakuta donge lililokuwa linakatika katika sasa linavutika bila kufanywa lolote. Waoka mikate wa Ufaransa wana jina lao la kitaalamu kwa pumziko hilo, autolyse, na lilipewa heshima kubwa na profesa wa uokaji, Raymond Calvel, katika karne iliyopita. Mwaka 2006 mwoka mikate Jim Lahey wa New York alijulikana dunia nzima kwa mkate usiokandwa kabisa: unga, maji mengi, hamira kiduchu, ukaachwa karibu saa 18. Kwa joto la Pwani saa hizo zinapungua sana, vinginevyo unakuta umechacha, lakini kanuni ni ile ile.

Mahamri ya kilo moja ya unga yanakandwa kwa mkono kama robo saa na tui lake, na ukiyagawa kwa pumziko katikati ni pungufu ya hapo. Kipimo ni kuchukua kidonge, kukivuta taratibu kwa vidole mpaka kiwe kiwambo chembamba, ukaona mwanga upande wa pili. Kikikatika mapema, kanda tena. Kipimo hiki kinafaa kwa mashine na kwa mkono, na ni bora kuliko saa, kwa sababu mapishi yanayosema "kanda dakika kumi" hayajui unga wako wala mkono wako. Mashine hapa ina tatizo lile lile la joto: donge linatoka la moto, hamira inakimbia, mahamri yanaumuka haraka na kubaki na ladha nyepesi. Wanaokandia kwa mashine kwenye miji ya joto hutumia maji au tui la baridi kabisa kufidia. Na kwa chapati kusema kweli siielewi kabisa haja ya mashine, kwani kazi kubwa ya chapati iko kwenye kukata, kukunja, kusukuma na kusimama juu ya chuma cha moto, na hakuna hata moja kati ya hizo inayofanywa na miksa.

Nifike sasa kwenye oveni, maana hoja yangu kubwa iko hapo.

Ukitaka kujua kifaa fulani kitakusaidia au la, fuata keki moja tangu unapovunja yai la kwanza mpaka unapoitoa, na uangalie inakwama wapi. Tuseme una oveni ya mezani inayochukua sufuria moja ya keki. Kupiga kwa miksa ya mkono na kuchanganya, jumla dakika 25. Kuoka dakika 45. Keki ya kwanza inapokuwa motoni, unaanza ya pili. Ya pili inakuwa tayari na inasubiri. Ukinunua miksa kubwa, kuchanganya kunashuka mpaka dakika 15. Keki ya pili sasa inasubiri muda mrefu zaidi. Kwa siku nzima idadi ya keki zinazotoka ni ile ile, kwa kuwa oveni ndiyo inayopanga. Tena ni mbaya zaidi ikiwa uliamua kulijaza bakuli kubwa na kuchanganya keki tatu kwa pamoja: ya pili na ya tatu zinakaa mezani, povu la mayai linaporomoka, beking poda imeshalowa na imeanza kutumika, na keki za mwisho zinatoka fupi. Mwenye keki anadhani mkono wake umeingia nuksi.

Oveni ndogo ina tatizo lingine ambalo miksa haiwezi kulitibu. Kitufe kinasema nyuzi 180, ndani kuna 150 upande wa mlango na 210 nyuma karibu na waya. Keki inapasuka juu, inaungua pembeni, katikati mbichi. Nimeona watu wakibadilisha unga, wakabadilisha mayai, wakanunua mashine, na keki ikaendelea kupasuka. Kipimajoto cha oveni, kile kidogo chenye uso kama wa saa kinachoning'inizwa ndani, ni bei ya kuku mmoja, na kinasema ukweli wote siku ya kwanza. Mizani ya jikoni nayo hivyo. Vikombe vya unga vinatofautiana sana kulingana na jinsi ulivyochota, ulivyogandamiza na ukubwa wa kikombe chenyewe. Mtu anayeuza keki kwa kipimo cha kikombe hawezi kumpa mteja keki ile ile mara mbili. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: mizani, kipimajoto, miksa ya mkono, oveni kubwa na yenye joto la kuaminika, na ndipo miksa ya mezani.

Gharama ya umeme haipaswi kumtisha mtu. Miksa ya wati 300 ikizunguka dakika kumi inakula sehemu ya ishirini ya uniti moja. Oveni ya wati 2,000, hata ikijizima na kujiwasha, kwa saa nzima inakaribia uniti au zaidi. Anayelalamika luku inaisha haraka kwa sababu ya mashine ya keki anamsingizia asiyehusika. Umeme kukatika ni shida nyingine: ukikatika mayai yakiwa nusu, hayatakusubiri. Hata mwenye miksa ya bei mbaya aweke kipigio cha waya kwenye droo.

Basi nani ainunue? Yule ambaye akifuata keki yake anakuta inakwama kwenye bakuli. Huyu ni mtu mwenye oveni ya gesi ya rafu mbili au tatu, anayeoka sufuria nne kwa mkupuo, mwenye oda za harusi na bethidei kila wikiendi. Kwake dakika za kuchanganya ni dakika za oveni kukaa tupu. Yumo pia anayetengeneza krimu za kupambia kwa wingi. Kwenye krimu miksa ya mezani haina mpinzani. Chukua ile ya ute wa mayai na sukari ya kuchemshwa: shira inafikishwa karibu nyuzi 118, inamiminwa kama uzi mwembamba kwenye ute unaoendelea kupigwa, kisha inapigwa tena mpaka bakuli lipoe kabisa, ndipo siagi inaingia kipande kwa kipande. Mtu mmoja hawezi kushika sufuria ya shira kwa mkono wa kulia, miksa kwa mkono wa kushoto, na kuangalia kipimajoto kwa jicho la tatu. Mashine inayosimama yenyewe inakupa mkono wa pili. Ndivyo ilivyo kwa anayeoka mikate ya maziwa au mikate ya ufuta ya kilo kadhaa kila alfajiri kwa ajili ya maduka ya mtaani.

Yupo mwingine ambaye hajatajwa kwenye hesabu hizi za biashara, na ningemwekea nafasi ya mbele. Ni mama wa miaka sitini na kitu ambaye viungo vya mikono vinauma, anapenda kuoka, watoto wameolewa na kuhama, na wajukuu wanakuja na simu. Zile zamu za kupiga mayai zilikuwa mashine ya nyumba nzima, na waliokuwa wanaiendesha hawapo tena. Wanaume wanaouliza "ya nini mashine, mama zetu walipiga kwa mkono" mara nyingi ni watu waliokula ule mkate bila kupangwa kwenye zamu. Kwa mama huyu hoja yangu ya oveni haina maana yoyote. Haoki ili aongeze idadi. Anaoka mkate mmoja wa Ijumaa, na kama mashine ndiyo itakayomwezesha kuendelea kuuoka, watoto wachange wamnunulie.

Nikiwa nimesema hayo, ninaona wanunuzi wengi wanadanganywa na namba. Boksi linaandika wati 1,500 kwa maandishi makubwa. Wati zinaeleza umeme unaoingia kwenye mashine. Nguvu inayofika kwenye donge ni hadithi tofauti, na inategemea mota na gia. KitchenAid ya nyumbani ya lita 4.8 inatumia wati kama 300 tu, na inakanda vizuri kuliko nyingi za wati 1,500 zenye gia za plastiki. Kipimo cha dukani ni kuinyanyua. Mashine nyepesi itatembea mezani ikianza kukanda, na nimewahi kuona moja ikijitupa sakafuni mwenyewe akiwa sebuleni. Bakuli la lita tano nalo halimaanishi kilo tano za unga. Nyingi za ukubwa huo zinataka unga usizidi takriban kilo moja, na donge likiwa gumu kama la mahamri, upungue zaidi. Kukanda ni kwa mwendo wa chini, halafu mota ipumzike. Kitabu cha maelezo kinasema hivyo, kwenye ukurasa ambao hakuna anayeusoma mpaka aanze kusikia harufu ya kuungua.

Ndugu wa ughaibuni nao wanatuletea mitego. Dada yako aliyeko Marekani au Kanada anaona mashine imepunguzwa bei msimu wa sikukuu, anainunua, anaifunga vizuri, inasafiri na kontena miezi. Kule umeme ni volti 120, hapa ni 230. Unaichomeka, inalia kwa nguvu, moshi. Kubadilisha plagi hakusaidii kitu. Inatakiwa transfoma ya kushusha volti, nzito, yenye uwezo unaozidi wati za mashine, na bado mzunguko wa umeme wa kule ni mara 60 kwa sekunde na wetu ni 50. Inayotoka Dubai, Muscat au Uingereza haina matatizo hayo, kwani volti zinalingana na plagi yao ya pini tatu ni ile ile tuliyonayo ukutani. Mwambie dada atume hela, ukainunue huku.

Mitumba ya mashine hizi ipo, hasa Kenwood za zamani, na mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei ya chini. Mota zake nyingi zina brashi za kaboni, vijiti vidogo vinavyolika taratibu kwa miaka, na fundi yeyote wa mota anazibadilisha. Ukienda kuiangalia, usiridhike na kuiwasha bakuli likiwa tupu, kwa sababu tupu kila mashine huzunguka vizuri. Nenda na nusu kilo ya unga na chupa ya maji, uikandishe donge pale pale mbele ya muuzaji kwa dakika tano. Sikiliza gia zinalia vipi, gusa kichwa uone kimepata moto kiasi gani, angalia kama mafuta meusi yanachuruzika kwenye mhimili wa kushikia ndoano ya kukandia. Muuzaji akikataa donge lako, rudi nalo nyumbani ukapike chapati.